Mchakamchaka wa Mtu Mzima



Nilipoanza kukimbia tena, Januari ya mwaka jana, nilichagua saa kumi na moja alfajiri. Watu wa nyumbani walidhani nalikwepa jua la Dar es Salaam. La hasha. Nilikuwa nayakwepa macho ya watu. Mwanamume wa miaka 47, mwenye kitambi na bukta ya zamani inayombana, akionekana anakimbia barabarani bila ya basi la kuwahi wala mwizi wa kufukuza, lazima atakiwe maelezo. Mitaani kwetu husemwa kwamba ukimwona mtu mzima anakimbia, ama anafukuza ama anafukuzwa. Siku ya tatu tu, kijana mmoja wa bodaboda alipunguza mwendo akaniambia, "Shikamoo mzee. Kwema huko utokako?" Nikamjibu marahaba, kwema, nafanya mazoezi tu. Aliangalia kwanza nyuma yangu, kuhakikisha kwamba hakuna kinachokuja, ndipo akaondoka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja, nalo ndilo nililowaletea leo. Ni nani, na lini, aliyemruhusu mtu mzima kukimbia?

Maana watoto hawakuhitaji ruhusa. Wale mliosoma shule za msingi za nchi hii mnakumbuka mchakamchaka. Alfajiri, kabla ya usafi na kabla ya mstarini, shule nzima inazunguka kijiji kwa nyimbo, vumbi linatimka, na mwalimu wa zamu yuko nyuma na fimbo yake. Kaka zetu waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, waliukuta mchakamchaka ule ule, ila mrefu zaidi na usio na huruma. Lakini mtu alipomaliza shule na kambi, akapata kazi ya kukaa mezani, mbio zilikuwa zimekwisha. Kutembea, naam, kulikubalika. Oktoba 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 45, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo wa zaidi ya maili 130, na wananchi wakamfuata. Lakini alitembea. Nadhani hata Mwalimu asingeeleweka kirahisi kama angekimbia.

Mimi nilikuwa mkimbiaji wa mita 1,500 wa shule ya sekondari. Sikuwa hodari wa kutisha, ila nilifika mashindano ya mkoa. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikimbia mita 800, na kusema kweli yeye ndiye aliyekuwa na kipaji, mimi nilikuwa na ubishi tu. Tulipomaliza shule tulifanya kama wanavyofanya wengi: tukaahidiana kuendelea na mazoezi, kisha tukapata kazi, tukaoa, tukanenepa. Miaka 27 ikapita. Mwezi wa Desemba kabla ya hiyo Januari niliyoitaja, mwenzangu aliamka asubuhi akashindwa kuushika mswaki. Kiharusi. Nilipokwenda kumwona hospitali alinipa mkono wa kushoto, na maneno yake yalitoka nusu nusu. Muuguzi aliyekuwepo, mama mtu mzima mwenye busara, alinitazama kitambi changu akaniuliza kama nami nimewahi kupima shinikizo la damu. Sikuwahi. Akanipima pale pale: 160 kwa 100. Akaniambia, "Baba, wewe na mgonjwa wako mko safari moja, ila yeye ametangulia."

Basi ndipo nikaitafuta bukta.

Turudi kwenye historia. Mtu anayestahili kutajwa kwanza ni fundi wa kiwanda cha viatu huko Auckland, New Zealand, jina lake Arthur Lydiard, aliyezaliwa mwaka 1917. Katika miaka ya 1940 alikuwa kijana anayecheza raga siku za mwisho wa juma, na akijiona yu imara kama nguzo. Siku moja rafiki yake, Jack Dolan, kiongozi wa klabu ya riadha, akamchukua kwenda kukimbia maili 5, yaani kilometa 8 hivi. Lydiard alidhani atakufa. Mapafu yaliwaka, moyo ukadunda, na miguu ikakataa. Wengi wetu tungesema basi, haya si yangu. Yeye alijiuliza: ikiwa hali yangu ni hii nikiwa bado na miaka ishirini na kitu, itakuwaje nikifika 47?

Swali hilo, ndugu wasikilizaji, ndilo lililobadili mambo. Lydiard hakuwa na digrii wala maabara. Alijifanyia majaribio mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe, kwa miaka mingi. Wiki nyingine alikimbia maili kidogo, nyingine alikimbia hadi maili 250, akiangalia ni kiasi gani kinamjenga na ni kiasi gani kinambomoa. Mwishowe akaona kwamba maili kama 100 kwa wiki, kwa mwendo usiomkata pumzi, ndizo zinazomjenga mkimbiaji wa mashindano. Akawa bingwa wa marathoni wa nchi yake mwaka 1953 na tena mwaka 1955. Vijana wa jirani wakaanza kumfuata. Tarehe 2 Septemba 1960, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Rome, wawili kati ya vijana hao walishinda dhahabu alasiri moja: Peter Snell mita 800 na Murray Halberg mita 5,000. Siku chache baadaye, katika marathoni ile ile ambayo Abebe Bikila wa Ethiopia aliishinda bila ya viatu, mtu wa tatu alikuwa Barry Magee, naye mwanafunzi wa fundi viatu wa Auckland.

Lakini dhahabu si habari yetu leo. Baada ya Rome, watu wa Auckland walianza kumwalika Lydiard kuzungumza, na miongoni mwa waliomsikiliza walikuwamo wafanyabiashara wanene na wagonjwa wa moyo. Wakati ule mtu akipata mshtuko wa moyo aliambiwa alale, apumzike, asijitaabishe. Lydiard aliona kinyume. Alisema moyo ni msuli, na msuli usiotumiwa hunyauka. Hapo mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliwakusanya watu wazima hawa, wakaanzisha klabu nyumbani kwa Colin Kay, mfanyabiashara aliyekuja kuwa meya wa jiji, wakawa wanakimbia polepole kwa masharti mawili. La kwanza, hakuna kushindana. La pili, mtu akimbie kwa mwendo ambao bado anaweza kuzungumza na mwenzake. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha, punguza.

Sharti hilo la pili nimelijaribu na ninalithibitisha. Kwa kuwa nakimbia peke yangu, nilikuwa najisomea kwa sauti majina ya vituo vya basi kuanzia Mwenge hadi Posta. Wiki ya kwanza pumzi ilinikatikia njiani, mbali kabisa na Posta.

Desemba 1962 mwalimu wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, Bill Bowerman, alikwenda New Zealand kumtembelea Lydiard. Bowerman alikuwa mtu mzito katika kazi yake, kwa jina na kwa mwili. Alikuwa na miaka 51, na mazoezi yake yalikuwa ni kusimama uwanjani na saa mkononi akiwafokea vijana. Lydiard akamkaribisha kukimbia na kundi lake la Jumapili. Bowerman akajitupa. Baada ya nusu maili hivi alikuwa anatweta nyuma ya watu wote, na aliyemhurumia akabaki naye alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70 ambaye alikwisha kupata mshtuko wa moyo zaidi ya mara moja. Mzee yule alimsindikiza mgeni polepole, akipiga soga njia nzima, na mgeni hana pumzi ya kumjibu. Nafikiri ile soga ndiyo iliyomwuma Bowerman kuliko mbio zenyewe.

Hakukasirika. Alikaa wiki sita akikimbia kila siku, akarudi kwao kapungua kiuno. Mwanzoni mwa mwaka 1963 akawaalika watu wa mji wake, Eugene, waje uwanjani wajaribu. Walikuja wachache, kisha mamia, kisha wengi zaidi, akina baba na akina mama wa makamo wamevaa nguo za kanisani na viatu vya kazini, hata Bowerman akaogopa kwamba mtu atamfia uwanjani. Akawarudisha nyumbani. Kisha akamtafuta daktari wa moyo, Waldo Harris, wakakaa wakatengeneza utaratibu wa wiki 12, unaoanza na kutembea kidogo na kukimbia kidogo, ukipanda kwa hatua ndogo ndogo, na kila mtu akianzia pale alipo. Kitabu chao kilitoka mwaka 1967, na kikauzwa zaidi ya nakala milioni moja. Wale mnaopenda biashara mtakumbuka kwamba Bowerman huyo huyo ndiye aliyeanzisha, pamoja na mwanafunzi wake Phil Knight, kampuni iliyokuja kuitwa Nike. Sisemi kwamba alitangulia kuwafundisha watu kukimbia ili awauzie viatu. Nasema tu kwamba ilimfaa.

Sasa, je, madaktari walikuwa na ushahidi gani? Hapa inabidi twende London, kwenye yale mabasi mekundu ya ghorofa. Daktari Jerry Morris na wenzake walichunguza habari za maelfu ya wafanyakazi wa mabasi hayo. Dereva na kondakta wanatoka mitaa ile ile, wanakula chakula kile kile, wanavuta moshi ule ule wa jiji. Tofauti ni moja. Dereva amekaa zamu nzima. Kondakta anapanda na kushuka ngazi kukusanya nauli, ngazi kati ya 500 na 750 kwa siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953: makondakta walipatwa na mshtuko wa moyo kwa kiasi cha nusu hivi ya madereva, na waliopatwa nao waliupata wakiwa na umri mkubwa zaidi. Morris akaendelea na uchunguzi wake kwa watumishi wa posta, akakuta habari ile ile: wale waliokuwa wakipeleka barua kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani waliokaa ofisini. Sijui utafiti huo ungekuwaje kama ungefanywa katika daladala zetu, ambamo konda ananing'inia mlangoni siku nzima. Morris mwenyewe alianza kukimbia ukubwani, katika bustani kubwa ya Hampstead Heath, zama ambazo watu wa London walimdhania amerukwa na akili. Alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Kwa hiyo, kijana wangu wa bodaboda hakuwa peke yake. Hata Marekani, katika miaka hiyo ya 1960, polisi walikuwa wakiwasimamisha watu wanaokimbia barabarani usiku na kuwauliza wanatoka wapi. Marathoni ya New York ilipokimbiwa mara ya kwanza, mwaka 1970, walianza watu 127 tu, na waliofika mwisho walikuwa 55.

Nimesema habari ya kuruhusiwa. Lakini kuruhusiwa ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kupima, na hapo mwalimu wangu ni Daktari Kenneth Cooper wa jeshi la anga la Marekani. Huyu alikuwa mkimbiaji shuleni, kama mimi na mwenzangu. Akaingia chuo cha udaktari, akawa mtu wa vitabu na chakula, akanenepa. Akiwa na miaka 29 alikwenda kuteleza juu ya maji akivutwa na boti, mchezo aliokuwa akiumudu ujanani, moyo ukamwenda mbio na kichwa kikamzunguka hata akadhani mwisho wake umefika. Akarudi kwenye mbio. Ila kwa kuwa alikuwa daktari, hakutosheka na kusema "najisikia vizuri." Alitaka tarakimu.

Jaribio alilolitangaza mwaka 1968 ni rahisi kiasi cha kuchekesha. Kimbia dakika 12, au kimbia na kutembea, kisha pima umekwenda mita ngapi. Basi. Kwa mwanamume wa miaka 40 hadi 49, chini ya mita 1,400 ni hali mbaya. Kati ya 1,700 na 2,100 ni hali ya wastani. Ukipita 2,500, wewe ni imara hasa. Wabrazili walilitumia kuiandaa timu yao ya Kombe la Dunia la mwaka 1970, na kwao hadi leo jina la daktari huyo limekuwa neno la kawaida la kukimbia polepole. Waamuzi wetu wa mpira nao kwa miaka mingi walipimwa kwa jaribio hilo hilo, na magazeti ya michezo yalikuwa yakitutangazia nani kafaulu na nani kaanguka.

Nami nilijipima. Jirani na kwangu kuna kiwanja cha shule. Nilikwenda na mwanangu na tepu ya fundi ujenzi, tukakizunguka, tukapata mita 330. Jumamosi ya mwisho ya Januari, dakika 12, nilizunguka mara nne na mita 30 juu yake. Mita 1,350. Hali mbaya, kwa mujibu wa Daktari Cooper. Nikaandika katika daftari la shule la kurasa 40, lenye picha ya twiga. Nikaandika na uzito: kilo 94. Watoto waliokuwa wakicheza mpira pembeni walinisimamia mstari mzima wakaniamkia, "Shikamoo babu!" Babu, ndugu wasikilizaji. Niliitika.

Naomba niwasomee daftari hilo kidogo, kwa sababu nadhani ukweli wa jambo hili uko katika daftari, hauko katika hotuba. Februari, mita 1,420. Machi, 1,560, na hapo nikaanza kuringa, nikaongeza mwendo kila siku, goti la kushoto likavimba. Aprili hakuna kitu, pameandikwa "goti" na "mvua." Mei, 1,490. Yaani nilirudi nyuma. Hiyo ndiyo siku niliyotaka kuliacha, na siyo Januari. Januari nilikuwa na hofu ya kiharusi inayonisukuma kama upepo. Mei nilikuwa na tarakimu inayonicheka. Juni, 1,600. Julai, 1,640. Agosti nilipata malaria, nikapima hivyo hivyo wiki mbili baada ya dawa, 1,510, ujinga mtupu, msinifuate. Septemba, 1,700, na jioni ile nilimwambia mke wangu kwamba sasa mimi ni mtu wa wastani. Akaniuliza kama ni habari ya kujivunia. Desemba, 1,820. Machi ya mwaka huu, mita 2,050, mizunguko sita na mita 70 juu yake.

Shinikizo la damu sasa ni 138 kwa 88, na sitaki kuwadanganya, nameza na vidonge kila asubuhi kama nilivyoandikiwa. Kuna watu wanaokimbia ili wasinywe dawa. Kwao nitasimulia habari ya James Fixx.

Fixx alikuwa mwandishi wa Marekani. Baba yake alipata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 35, akafa akiwa na miaka 43. Mwana alipofika hiyo 35, mwaka 1967, alikuwa mnene na mvutaji wa pakiti mbili za sigara kwa siku. Akaanza kukimbia. Akapungua, akaacha sigara, na mwaka 1977 akaandika kitabu cha mbio kilichonunuliwa na watu zaidi ya milioni moja na kumfanya maarufu. Tarehe 20 Julai 1984, akiwa na miaka 52, alianguka akafa kando ya barabara huko Vermont, akikimbia. Walioupasua mwili walikuta mishipa mitatu ya moyo imeziba: mmoja kwa asilimia 95, mwingine 85, mwingine 70. Wavivu wa dunia nzima walifurahi. Hata sasa nikikataa sahani ya pili ya pilau kwenye shughuli, hakosekani wa kuniambia kwamba yule bwana wa vitabu vya mbio alikufa akikimbia. Ni kweli. Lakini aliishi miaka tisa kuliko baba yake. Kosa, kwa maoni yangu, halikuwa kukimbia. Kosa lilikuwa kudhani kwamba miguu inayokwenda vizuri ni cheti cha daktari. Mtu mwenye baba aliyekufa kwa moyo, au mwenye 160 kwa 100, apimwe kwanza, na aendelee kupimwa.

Nigeukie upande wa furaha. Watanzania tunaikumbuka Christchurch, New Zealand, kwa sababu moja. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi alitoka mbele tangu mlio wa bastola, akawaacha wote, akaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500: dakika 3 na sekunde 32.2. Wazee wetu waliisikia redioni na hadi leo wanaisimulia. Lakini siku mbili kabla yake, katika michezo hiyo hiyo, wa pili katika marathoni alikuwa karani wa miaka 41 mwenye watoto wanne, Jack Foster, aliyekimbia kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 19.

Foster alikuwa mwendesha baiskeli aliyeacha. Siku moja, akiwa na miaka 32 au 33, familia ilipokwenda kupumzika kando ya ziwa, alivaa viatu vya raba akaenda kukimbia. Alirudi hoi, miguu ikitetemeka. Mkewe akamwuliza kama amesahau kitu. Kumbe yeye akidhani amekimbia nusu saa, alikuwa ameondoka kwa dakika 7. Kutoka dakika 7 hizo hadi medali ya fedha ilimchukua miaka kama minane. Mwaka 1972, kwenye Olimpiki ya Munich, alikuwa wa nane akiwa na miaka 40. Wa tatu siku hiyo, mwenye umri huo huo wa miaka 40, alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, yule aliyeshinda Mexico mwaka 1968, marathoni ambayo John Stephen Akhwari wetu aliimaliza wa mwisho na goti lililofungwa bendeji.

Hapa kwa jirani zetu wa Kenya kuna Kenneth Mungara, kinyozi aliyekuwa akiwanyoa wanariadha, akawasikiliza masimulizi yao, na akiwa amekwisha kupita miaka 30 akaamua kuwafuata barabarani. Mwaka 2015, akiwa na miaka 41, alishinda marathoni ya Gold Coast, Australia, kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 42. Na Ed Whitlock, Mwingereza aliyehamia Kanada, aliacha mbio ujanani akazirudia katika miaka yake ya 40. Alikuwa akifanya mazoezi kwa kuzunguka makaburini karibu na nyumba yake, saa nyingi, polepole, jambo ambalo kwetu lingehitaji maelezo zaidi hata ya yale yangu. Alikimbia marathoni chini ya saa 3 akiwa na miaka 73, na chini ya saa 4 akiwa na miaka 85.

Msikilizaji mmoja wa Tandika, mama wa watoto watatu, aliniandikia mwezi uliopita akilalamika kwamba mazungumzo haya huwa ya wanaume tu. Ana haki. Basi namtajia Priscilla Welch wa Uingereza, mvutaji wa sigara aliyeanza kukimbia akiwa na miaka zaidi ya 30, na mwaka 1987, akiwa na miaka 42, akashinda marathoni ya New York mbele ya wanawake wote, vijana kwa wazee. Ila mama wa Tandika hakuniuliza habari za New York. Aliniuliza akimbilie wapi alfajiri bila ya kusumbuliwa na wahuni, na watoto aamshwe nani. Sina jibu zuri. Naona klabu za mbio za pole zilizojaa mitaani siku hizi, Temeke, Kinondoni, Ilala, zimefanya kazi kubwa ambayo serikali za mitaa hazikuifanya: akina mama wanakimbia katikati ya kundi, kwa nyimbo, fulana za rangi moja. Ni mchakamchaka ule ule, umewarudia watu wazima. Wale wanaowacheka kwamba wanaziba barabara Jumapili asubuhi, nawaomba wavumilie robo saa.

Nimalizie na mwenzangu wa mita 800. Ametoka hospitali zamani, yuko nyumbani kwake Kigogo. Mwezi wa Julai mwaka jana nilimpelekea daftari, la twiga vile vile. Mtaalamu wa viungo alimwekea kipimo chake: dakika 12, hatua ngapi, akiwa na fimbo. Anapimia kwenye ukumbi wa nyumba na uani. Mara ya kwanza alipata hatua 64. Mwezi uliofuata, 70. Oktoba alianguka bafuni, akarudi 51, na mkewe anasema alilitupa daftari juu ya kabati akakaa wiki tatu bila ya kuligusa. Jumapili iliyopita nilipokwenda kumsalimu alinionyesha ukurasa wa mwezi huu, ameuandika kwa mkono wa kulia, herufi zimelala kama mahindi baada ya mvua. Hatua 212. Kisha akaniuliza langu. Nikamwambia mita 2,050. Akafikiri kidogo, akasema, kwa maneno ambayo sasa yanatoka yote, ingawa polepole, kwamba shuleni hatukuwahi kupishana kwa kiasi hicho, na kwamba nisijione nimemshinda kabla ya Desemba.

Jumamosi hii ni siku yetu ya kupima, mimi kiwanjani, yeye uani kwake. Hadi juma lijalo, kwaherini.